Ukitaka paa la kuficha, anza na mfereji

Siku hizi kila anayejenga Dar es Salaam anataka paa la kuficha: ukuta unapanda kupita bati, na ukiwa barabarani unaona boksi safi tu. Masika ikifika, dari ya jipsamu inaota madoa ya kahawia na lawama zote anabebeshwa fundi bati. Kwa maoni yangu bati linasingiziwa. Mara nyingi mkosaji ni mfereji wa zege uliobanwa kati ya bati na ukuta, ambao kwenye ramani ni mistari miwili na kwenye bajeti haupo kabisa.

Piga hesabu. Paa la mita 10 kwa 12 likipata mvua ya milimita 50, hizo ni lita 6,000. Kwenye paa la kawaida gata likiziba, maji yanamwagika nje na yameishia hapo. Hapa hayana pa kumwagikia. Nusu ya paa hilo ikishukia mfereji wenye upana wa sentimita 40, kina cha wastani 15 na urefu wa mita 12, mfereji unabeba lita 720. Bomba la kushusha maji likiwa limeziba, milimita 12 za mvua zinaujaza. Yanayozidi yanapita chini ya ncha za bati na kuingia darini.

Na bomba litaziba tu: majani, mfuko wa nailoni, vijiti vya kiota cha kunguru. Wavu bapa juu ya tundu hausaidii, jani moja la mkungu linaufunika wote. Weka wavu uliotuna kama kikombe kilichopinduliwa. Mfereji uwe na matundu mawili ya inchi 4, moja kila mwisho, na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kutoka katikati. Kisha toboa ukuta, uweke bomba la dharura sentimita 5 juu ya sakafu ya mfereji pale palipo chini zaidi. Wenye nyumba hulikataa eti linaharibu sura. Lakini likianza kutema maji, umeshajua kuna tundu limeziba, na dari bado kavu.

Rangi ya kuzuia maji peke yake siiamini. Zege linatanuka na kusinyaa kwa jua, rangi inapasuka. Tumia lami ya karatasi inayobandikwa kwa moto wa gesi, ipande ukutani sentimita 15. Kabla ya hapo jaza pembe za mfereji kwa saruji na mchanga zilale mshazari, maana karatasi ikikunjwa kona kali huchanika. Halafu ziba matundu, jaza maji ya sentimita 5, acha saa 24. Dari isipigwe kabla ya jaribio hili.

Pale bati linapokutana na ukuta, bati la kukunja, lile la kufunika kiungo hicho, lichimbiwe ndani ya plasta na tofali sentimita 2 au 3. Silikoni tupu inabanduka.

Mwisho, mwambie fundi aache mlango wa sentimita 60 kwa 60 wa kupandia juu. Mfereji usafishwe Februari na Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli, na tena baada ya kila upepo mkali.