Beki Alikuwa Mbali, Lakini Nilidai Faulo

Kwa kuwa kipa wetu amekwisha kurusha ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp la timu, akieleza kwa kicheko kwamba nilidunguliwa kwa risasi kutoka Mlima Loleza nikiwa naelekea golini, ninalazimika kutoa maelezo rasmi kabla habari hiyo haijafika kwa wakwe zangu kule Tukuyu. Ninaandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa hiyo makosa ya uchapaji mnivumilie.

Mliokuwepo Jumapili mnajua hali ilivyokuwa. Julai ya Mbeya haina utani: mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na saa mbili asubuhi nyasi za uwanja zilikuwa bado zimelowa umande. Wapinzani wetu katika bonanza walikuwa madereva wa bajaji, vijana wembamba wasiojua maana ya kuchoka. Mwalimu wetu, ambaye kila bonanza kwake ni fainali ya Kombe la Dunia, aliwapasha wachezaji kwa FIFA 11+, programu iliyobuniwa mwaka 2006 mahususi kwa ajili ya kupunguza majeraha: mazoezi 15 yanayochukua kama dakika 20, yakianza na kukimbia polepole, yakifuatiwa na ya nguvu, mizani na kuruka, kisha yakimalizika kwa mbio za kasi. Mimi nilikuwa benchi, nimejifunika shuka la Kimasai na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, nikiwafafanulia wenzangu kwamba mchezaji wa akiba hutunza nguvu. (Mnaouliza kuhusu chapati: ndiyo, zilikuwepo, na hazihusiani na mada.)

Kipindi cha pili niliitwa. Nilivua shuka, nikakaza kamba za njumu, nikarukaruka kidogo pembeni ya mstari ili watazamaji waone kwamba nimejiandaa, nikaingia winga ya kulia.

Sasa naomba tuende taratibu, maana hapa ndipo kipa alipopotosha. Kiungo wetu alipenyeza pasi nzuri nyuma ya mabeki. Nilifyatuka. Kwa hatua kadhaa nilikuwa kijana tena. Upepo ulinipuliza masikioni, na nilimsikia mtu akiliita jina langu kwa matumaini. Nilirusha mguu wa kulia mbele ili niuwahi mpira, na kabla kisigino hakijagusa ardhi nikasikia nyuma ya paja, kwa masikio yangu mawili, sauti ya “pap!” Baadaye nilielezwa kwamba sekunde hiyohiyo ndiyo hatari kuliko zote kwa mkimbiaji, kwa sababu nyama za paja huwa zimevutwa mpaka mwisho na wakati huohuo zinatakiwa kuufungia mguu breki. Wakati ule sikuwa na elimu hiyo. Nilichoamini ni kwamba nimepigwa daluga. Nikanyanyua mkono kumwita refa, nikageuka kwa hasira kumtazama beki aliyenitendea unyama huo, nikamwona amesimama mbali, mikono kiunoni, akinitazama kwa huruma.

“Kaka, mimi?” aliuliza.

Nilikuwa bado sijaanguka. Nilienda kwa mguu mmoja, nikizunguka polepole huku mkono ukiwa juu ukidai faulo, mpaka nikakaa chini kwa awamu: kwanza goti, kisha kiwiko, mwisho heshima. Mpira uliendelea peke yake hadi kwa kipa wao, aliyeudaka, akauweka chini, akaja kunipa pole kabla ya kuupiga.

Mwalimu aliagiza barafu. Jamani, barafu Mbeya, Julai! Iliyopatikana ni ile ya ubuyu, kutoka kwa kijana mwenye deli aliyekuwa hajauza hata moja tangu asubuhi. Zilifungwa ndani ya soksi yangu, zikabanwa nyuma ya paja kwa muda wa robo saa, zikayeyuka, na maji mekundu yakatiririka kwenye bukta nyeupe. Mama mmoja aliyekuwa akipita kwenda kanisani alipiga yowe na kuanza kuniombea kwa sauti, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima, hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba anaombea ubuyu.

Mengine nitayapitia haraka. Hospitalini mtaalamu wa viungo aliniminya, akasema nyuzi za msuli zimechanika kwa sehemu, akapiga marufuku kukandwa maji ya moto na kuchuliwa kwa siku za mwanzo, kwa sababu huzidisha kuvuja damu ndani ya msuli. Shangazi yangu alikuwa ameshabandika sufuria. Kumkatalia kulihitaji busara kuliko mechi yenyewe. Mtaalamu alisema pia kwamba aliyewahi kuchanika nyama za paja huchanika tena kwa urahisi, hivyo nikipata nafuu itanibidi nipige magoti, mtu anishike vifundo vya miguu, nami niinamie mbele polepole nikiuzuia mwili usianguke. Zoezi hilo limo ndani ya zile dakika 20 za mwalimu. Nililitazama vizuri sana nikiwa ndani ya shuka.

Kilichobaki ni suala la nauli. Bajaji pekee iliyokuwa na mafuta ya kutosha kunifikisha hospitali ilikuwa ya yule beki. Nililala kifudifudi kwenye kiti cha nyuma, miguu ikichungulia nje, naye akaendesha kwa uangalifu wa kupongezwa, akipunguza mwendo kwenye kila tuta na kuwatangazia waliosimama kando ya barabara, “Mimi sikumgusa, muulizeni mwenyewe!” Nililazimika kuthibitisha kila mara. Tulipofika alinitoza nauli ya kwenda na ya kumsingizia, nami bado sijaimalizia hiyo ya pili. Jana alipita nyumbani kunijulia hali na kunikumbusha deni.

“Ugua pole, kaka,” alisema. “Siku ukirudi uwanjani nitakukaba kwa mbali vilevile, ila safari hii nitakuja na shahidi.”