Cheti Kina Msahihishaji, Uzoefu Hauna

Desemba 2002 Luiz Inácio Lula da Silva alikwenda kupokea hati ya ushindi wa urais wa Brazili, ile ambayo kwa Kireno huitwa diploma. Kwa miaka mingi alikuwa amesimangwa kwamba hana shahada. Alikuwa fundi wa kukereza chuma aliyepoteza kidole kiwandani, akainuka kupitia chama cha wafanyakazi, akagombea urais mara tatu na kushindwa mara zote tatu. Siku hiyo alilia. Alisema yeye aliyelaumiwa mara nyingi kwa kukosa diploma, sasa amepata ya kwanza maishani, nayo ni ya urais wa nchi yake.

Nalikumbuka tukio hilo kila ninapomsikia mtu akisema viongozi wachaguliwe kwa uzoefu wa kazi, vyeti viwekwe kando. Kwa sehemu kubwa nakubaliana naye. Ila kauli hiyo husemwa kwa wepesi mno, kana kwamba sote tunajua uzoefu ni kitu gani.

Nianze na upande wa wasomi, maana wana hoja ambayo wengi huipuuza kwa hasira tu. Serikali ya leo inaendeshwa kwa maandishi: bajeti, mikataba ya mikopo, ripoti za ukaguzi, takwimu za magonjwa. Kiongozi asiyeweza kuyachambua mwenyewe hubaki mateka wa anayemchambulia. Aprili 2020, korona ilipokuwa imeishika dunia, Angela Merkel, aliyekuwa kansela, yaani mkuu wa serikali ya Ujerumani, aliwaeleza Wajerumani hesabu moja fupi. Kila mgonjwa akiambukiza kwa wastani watu 1.1, uwezo wa hospitali utafika kikomo Oktoba. Wakiwa 1.2, itakuwa Julai. Wakiwa 1.3, Juni. Merkel ana shahada ya uzamivu ya kemia ya kwanta, aliyoipata mwaka 1986, na siku ile usomi wake ulifanya kazi mbele ya macho ya watu: aliyesikiliza alielewa kwa nini sehemu moja tu ya kumi ingeweza kuamua nani apate kitanda. Lakini tusisahau kwamba alipoingia kwenye ukansela mwaka 2005 alikuwa na miaka 15 ya siasa mgongoni, ikiwamo ya uwaziri. Shahada haikumfikisha pale peke yake.

Tafiti nazo zimegawanyika. Mwaka 2011 wachumi Timothy Besley, José Montalvo na Marta Reynal-Querol walichapisha utafiti uliopitia viongozi wa nchi zaidi ya elfu moja, kuanzia 1875 hadi 2004. Walikuta uchumi hukua vizuri zaidi chini ya kiongozi mwenye elimu ya juu. Mwaka 2016 watafiti Nicholas Carnes na Noam Lupu walirudi kwenye swali hilohilo, wakaongeza wabunge wa Marekani na mameya wa Brazili ambao hesabu zao zilikuwa zimekaguliwa. Wao hawakuona kwamba wenye shahada wanatawala vizuri zaidi, wala kwamba wanakwepa rushwa kuliko wenzao. Mimi nasoma hivi: shahada ikisaidia, inasaidia kidogo na si kila mahali. Huo si msingi wa kumfungia mtu mlango.

Na kufungiana milango ndiko kunakonitia uchungu zaidi katika mjadala huu. Pakistan iliweka sharti mwaka 2002, chini ya Jenerali Pervez Musharraf, kwamba anayetaka ubunge awe na shahada. Katika nchi ambayo wenye shahada walikuwa wachache sana, wananchi karibu wote waliambiwa kwamba wanaweza kuchagua lakini hawawezi kuchaguliwa. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ililifuta sharti hilo mwaka 2008. Uhakiki uliofuata ukafichua wanasiasa kadhaa walioingia bungeni kwa vyeti vya kughushi. Sheria iliyodai kuleta wenye akili ilikuwa imewafungulia njia wenye ujanja.

India nako, jimbo la Haryana liliamua mwaka 2015 kwamba wagombea wa mabaraza ya vijiji wawe wamefika darasa fulani, na Mahakama ya Juu ikaubariki uamuzi huo. Waliotupwa nje zaidi walikuwa maskini na wanawake, watu ambao shule haikuwahi kuwafikia. Serikali iliyoshindwa kumpeleka msichana shule miaka ya nyuma inamwadhibu leo akiwa mama kwa kuwa hakusoma. Sijapata kusikia utetezi wa jambo hilo ulioniridhisha.

Hata penye shule tele, kuabudu vyeti huharibu watu. Ujerumani ilipoteza mawaziri wawili kwa sababu hiyo: Karl-Theodor zu Guttenberg alijiuzulu 2011, na Annette Schavan, aliyekuwa waziri wa elimu, akajiuzulu 2013. Wote walipokonywa shahada za uzamivu baada ya kubainika walinakili kazi za wengine.

Hadi hapa anayetetea uzoefu anaweza kushangilia. Asiharakishe.

Mwaka 1856 Wamarekani walimchagua James Buchanan kuwa rais. Alikuwa amekaa katika mabaraza yote mawili ya bunge, akawa balozi Urusi na Uingereza, akawa waziri wa mambo ya nje. Ungetafuta mgombea mwenye uzoefu zaidi usingempata kwa urahisi. Majimbo ya kusini yalipoanza kujitenga mwishoni mwa 1860, alisema hayana haki ya kujitenga, kisha akasema serikali kuu nayo haina mamlaka ya kuyazuia. Akabaki kutazama nchi ikivunjika mikononi mwake, na wanahistoria humweka miongoni mwa marais dhaifu kabisa wa nchi hiyo. Aliyempokea, Abraham Lincoln, alikuwa na muhula mmoja tu katika bunge la taifa na jumla ya masomo ya darasani isiyofika mwaka. Vita vilipoanza, alikwenda kuazima vitabu vya mbinu za kijeshi kwenye maktaba ya bunge, akavisoma usiku.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Buchanan aliishi kwingi. Tatizo la uzoefu ni kwamba hauna msahihishaji. Cheti, kwa upungufu wake wote, kina mtu aliyekaa akasoma karatasi yako na angeweza kukuangusha. Miaka 20 ofisini haina mtu huyo. Inaweza kuwa miaka 20 ya kufanya maamuzi na kubeba matokeo yake, au inaweza kuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara 20, huku makosa yakibebwa na walio chini. Kwenye wasifu wa mgombea miaka hiyo huandikwa sawasawa.

Kwa hiyo ninapotetea uzoefu, natetea wa aina moja: ule ambao mtu aliwajibika kwa watu wenye uwezo wa kumwondoa au kumwumiza. Lula aliongoza migomo ya wafanyakazi wa viwanda mwishoni mwa miaka ya 1970, na 1980 akafungwa siku 31. Kiongozi wa mgomo akikosea hesabu, wenzake wanakosa mshahara na wanajua mlango wa nyumba yake. Hiyo ni shule kali. Nadhani ilimfundisha pia kujua asichokijua, kwa sababu alipoingia ikulu alimkabidhi benki kuu Henrique Meirelles, mtu aliyebobea katika mabenki ambaye wala hakutoka kwenye chama chake.

Kuna uzoefu mwingine ambao hauandikwi kwenye wasifu wowote, nao ni wa kuishi na tatizo lenyewe. India ilipotenga theluthi moja ya nafasi za uongozi wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake, wengi walioingia walikuwa na elimu ndogo kuliko wanaume waliowatangulia. Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo, katika utafiti wao wa 2004, waliona mabaraza yaliyoongozwa na wanawake yaliwekeza zaidi katika maji ya kunywa. Wanawake ndio waliokuwa wakiyachota.

Sharti la kujua kusoma na kuandika lina mantiki. Zaidi ya hapo, kazi ya usahihishaji imuangukie mpiga kura, na si kazi nyepesi. Mgombea anapotaja shahada zake, aulizwe ni uamuzi gani aliufanya tofauti kwa sababu ya alichosoma. Anapotaja miaka yake kazini, aulizwe ni kosa gani kubwa lilitokea mikononi mwake, nani aliumia, na asubuhi iliyofuata yeye alifanya nini. Kisha watafutwe wale waliofanya kazi chini yake, waulizwe swali hilohilo.