Niambieni kilichomo kwenye kikopo

Mwanangu ana pumu ya ngozi, yaani ukurutu, tangu akiwa na miezi mitano. Usiku hujikuna mikunjo ya viwiko mpaka shuka linaingia madoa ya damu. Ukishapitia hayo, huwezi kumlaumu mzazi anayenunua chochote anachoambiwa kinasaidia. Mimi nilinunua krimu ya mitishamba ya Kichina, kikopo kimeandikwa Kichina kitupu. Siku ya tatu ngozi ikawa laini kabisa. Nilipoacha kupaka, ugonjwa ukarudi kwa kishindo, hadi usoni.

Tangu hapo nimesoma sana, na sikubali kwamba mitishamba yote ya Kichina ni uongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, waliijaribu dawa ya kuchemsha yenye mimea kumi. Watoto 47 walinywa dawa hiyo kwa wiki nane, na kwa wiki nane nyingine wakanywa ya kulinganishia, isiyotarajiwa kutibu. Si wote walioivumilia. 37 walifika mwisho, na wekundu wa ngozi zao ulipungua waziwazi walipokuwa kwenye dawa yenyewe. Baadaye Hong Kong waliirudia kazi hiyo kwa wagonjwa wao, na safari hii dawa haikufua dafu. Majibu yanapingana, sawa, lakini angalau kila mtu alijua kinachonywewa.

Linalonichoma ni lile la 1999. Madaktari wa London walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina zilizokuwa zikitumiwa na wagonjwa wa ngozi. Nane zilikuwa na deksamethasoni, steroidi ya kiwandani, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu! Sina ugomvi na steroidi. Daktari wa ngozi akiandika, anakueleza upake wapi, kiasi gani, siku ngapi, kwa sababu ikipakwa ovyo inakondesha ngozi, hasa ya uso. Kuificha ndani ya neno "asili" ni kumnyima mama maelezo hayo. Na hata mmea wenyewe unaweza kudhuru: mwaka huohuo zilitoka habari za wagonjwa wawili Uingereza waliopoteza figo kwa chai ya Kichina ya ukurutu, yenye asidi ya aristolokia, sumu ya mmea inayoharibu figo.

Kikopo changu bado ninacho. Daktari alikigeuza mara mbili akitafuta orodha ya vilivyomo, kisha akaniuliza nilikuwa nikimpaka mtoto mara ngapi kwa siku. Nikamjibu, kila alipolia.