Hongera kwa kununua mashine yetu

Jumanne iliyopita nimefika baa saa moja jioni, kama Jumanne zote, nikakuta sakafuni alama nne za miguu, na katikati yake mbao safi ambazo hazijamwagiwa bia miaka mingi. Medieval Madness, mashine yetu ya pinboli, ule mchezo wa kupiga gololi ya chuma juu ya ubao wenye kioo, haipo. Nikauliza, imepelekwa kwa fundi? Kijana wa kaunta hata hakuniangalia usoni. "Imeuzwa."

Mnunuzi ni bwana mmoja wa vitongoji vya kaskazini mwa Chicago. Naambiwa anazo nyingine kumi na mbili nyumbani, kwenye chumba cha chini chenye zulia jekundu na taa za rangi. Picha zimeshazunguka kwenye grupu letu. Na watu, walewale niliocheza nao ligi miaka sita, wanampigia makofi: hongera sana, umepata kitu, itunze. Nimekaa na simu mkononi nikijiuliza kama ni mimi peke yangu niliyeona kuwa hapa kuna msiba.

Kaka yangu wa Tanga kaniandikia kwamba mtu mzima mwenye mvi kulilia mchezo wa gololi ni baridi ya Marekani imeshanipanda kichwani. Shikamoo kaka, lakini leo unisikilize.

Mashine ile ilitengenezwa mwaka 1997 na Williams, kampuni ya hapahapa. Zilitoka 4,000 na ushee tu. Ina ngome yenye daraja: unalipiga kwa gololi mpaka linashuka, halafu unaligonga lango, halafu ngome nzima inabomoka kwa kelele na wewe unajiona jemadari. Kuna na majitu mawili yanachomoza vichwa kutoka chini ya ubao kukukejeli. Kitu cha namna hiyo, kinachopigwa usiku kucha na gololi ya chuma ya gramu 80, na wapigaji wenyewe nusu wamelewa, hakifikishi karibu miaka thelathini kwa dua.

Kimefika kwa sababu ya mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu. Simtaji jina, hatapenda. Flipa ya kushoto, yaani kimojawapo cha vile vijiti viwili vinavyoipiga gololi irudi juu, ilipolegea mwezi Januari, aliondoa kioo akamkabidhi mtu akishike, akanyanyua ubao kama boneti ya gari, akabana tochi kwa meno. Akanionyesha koili, ule waya uliosokotwa unaoisukuma flipa. "Gusa." Nikagusa, nikarudisha kidole haraka. Kumbe mrija wa plastiki ulio ndani umelika, chuma kinasuguana badala ya kuteleza. Akauchomoa, akatia mpya aliotoa mfukoni (mfukoni!), akalehemu na waya mmoja uliokuwa unaning'inia, akafunika. Dakika arobaini. Malipo yake sahani ya chipsi, tena zilizopoa.

Raba tulichanga. Balbu tulichanga. Kuna mama mmoja wa ligi aliyekuwa anaufuta ubao kila mwezi kwa kitambaa alichotoka nacho kwake, kisha anaupaka nta. Mwenye baa alichangia umeme na ukuta wa kuiegemeza.

Ni mali yake, najua. Risiti ina jina lake. Haya.

Mama huyohuyo ndiye aliyenifundisha kucheza. Nilikuwa nabonyeza flipa zote mbili kwa pamoja, pa-pa-pa, kama mtu anayegonga mlango wa choo. Akasimama nyuma yangu, akasema acha kupiga, shika. Unainua flipa moja na kuiacha juu. Gololi inapanda, inarudi, inatulia pale mkononi mwako kama kifaranga. Hapo unapumua, unachagua unataka kuipeleka wapi. Na hakuniuliza natoka nchi gani mpaka wiki ya tatu. Walioishi huku wanajua hiyo ni heshima ya kiasi gani.

Nyumbani tulikuwa na baraza, na kwenye baraza kulikuwa na bao. La nani? Aliyelichonga alishakufa. Mashimo yalikuwa yamelainika kwa vidole vya watu, na shimo la nyumba lilikuwa linang'aa kuliko yote. Anayepita anakaa, anayefungwa anaondoka na maneno yake, mtoto anatazama mpaka siku moja anaambiwa njoo unamue, uanze kutia kete. Miaka ya karibuni nimeingia hoteli moja ya ufukweni Unguja nikakuta bao zuri la zamani limetundikwa ukutani, kete zimegandishwa ndani ya mashimo kwa gundi. Nilisimama pale kama bwege. Mhudumu akaniambia, "Pambo hilo, kaka." Ndilo neno nililolikumbuka Jumanne.

Pinboli imeshawindwa na wakubwa zaidi. Mwaka 1942 meya La Guardia aliupiga mchezo huu marufuku New York kwamba ni kamari, akapigwa picha akizivunja mashine kwa nyundo. Hata Chicago, zilikotengenezwa, ulikatazwa miaka na miaka. New York walilegeza mwaka 1976, baada ya mchezaji hodari Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani na kuwatajia kabla ya kuvuta gololi itapita njia ipi, ikapita. Zimeponea nyundo, zije zifie kwenye zulia jekundu?

Basi, niseme la haki, ingawa linanikwama kooni. Williams walipofunga kitengo cha pinboli mwaka 1999, ikabaki kampuni ya Stern peke yake ikiunda kwa zaidi ya miaka kumi, na hao wa vyumba vya chini ndio waliozisitiri mashine na vipuri vyake visiende jalalani. Bila wao huenda mzee wetu asingekuwa na cha kutengeneza. Nimesema. Ila kuna mkusanyaji mwingine, Tim Arnold, naye alikusanya zaidi ya elfu, na mwaka 2006 akafungua mlango Las Vegas, watu wakaingia na senti zao wakacheza, na faida ikaenda kwenye misaada. Kwa hiyo inawezekana.

Kuhusu viwanda vya leo vinavyotoa matoleo maalumu ya zaidi ya dola 10,000 moja, sina la kusema, mimi nalipa kodi ya nyumba. Na akina dada wa Belles & Chimes, walioanzia Oakland na sasa wana ligi miji mingi, wanastahili makala yao wenyewe. Itakuja.

Jumanne ile tulicheza kwenye mashine mbili zilizobaki, foleni ndefu, mazungumzo mafupi. Mzee alichelewa. Aliingia na mfuko wake wa karatasi, akaiangalia ile sakafu, akavua kofia akaivaa tena. Ndani ya mfuko mlikuwa na raba mpya, seti nzima ya Medieval Madness, alizoagiza kwa pesa yake.

Nikamwambia pole, Mzee. Akaniuliza kama ninayo anwani ya yule bwana, ampelekee.

Ninayo. Sijampa bado.