Victoria kapewa kiti cha baba yake, dada yangu kanyimwa kibanja, shamba la migomba la ukoo

Kila nikienda Bukoba swali ni lile lile, eti nyie huko Uswidi na maendeleo yenu yote bado mna mfalme, mnampigia magoti? Jamani hakuna anayepiga magoti huku, mfalme mwenyewe hana uwezo hata wa kumhamisha mkuu wa wilaya. Katiba ya 1974 ilimaliza mchezo, waziri mkuu anapendekezwa na spika anapigiwa kura bungeni basi, mfalme hasaini sheria, hateui mtu, kazi yake kufungua bunge kila Septemba, kupokea mabalozi wanaoleta hati, kukabidhi Nobel tarehe 10 Desemba na kukata utepe huku na kule. Ukimweka pembeni ya wakama (wafalme) wetu wa zamani wa Kiziba au Karagwe huyu ni mfalme wa picha ukutani tu.

Ila habari ya binti yake ndo inanikosesha usingizi, na sio kwa sababu ya magauni.

Victoria kazaliwa 14 Julai 1977, mtoto wa kwanza wa mfalme Carl Gustaf na malkia Silvia, na siku ile anazaliwa hakuwa mrithi wa kitu chochote. Sheria yao ya urithi wa kiti ni ya 1810, waliiandika walipomleta jemadari wa Kifaransa, Bernadotte, awe mrithi wa kiti chao, na ilisema wanaume tu. Sasa wabunge walikuwa wameshaanza mchakato wa kuibadili, na huku sheria ya ngazi ya katiba haibadilishwi kwa kura moja, bunge linapiga kura, mnaenda uchaguzi mkuu, bunge jipya linapiga tena. Hapo katikati, Mei 1979, akazaliwa dogo wa kiume, Carl Philip, kwa hiyo akawa ndo mrithi halali kabisa, miezi saba na kitu hivi, alafu 1 Januari 1980 sheria mpya ikaanza kazi: mtoto wa kwanza ndo mrithi awe wa kike awe wa kiume. Dogo akavuliwa cheo hata kutembea hajaanza.

Baba yao hakupenda na hajawahi kuficha. Juzi juzi tu 2023 kwenye kipindi cha televisheni akarudia tena kwamba mwanae wa kiume hakutendewa haki, watu wakamjia juu mpaka ikabidi atoe tamko kwamba anamuunga mkono binti yake na anajivunia naye. Lakini hebu angalia kitu hapa, alinuna, alilalamika, na bado miaka yote hiyo akamlea yule binti kama mrithi, kampeleka vikao vya serikali akajifunze, akisafiri anamwachia kiti. Bunge limesema, mzee hana la kufanya. Na Carl Philip hajafa, kaoa, ana watoto, kashindana mbio za magari, maisha yanaenda.

Majirani zao Norwe walibadilisha mwaka 1990 lakini wao waliogopa kugusa waliokwisha kuzaliwa, kwa hiyo Märtha Louise aliyezaliwa 1971 kabaki nyuma ya mdogo wake Haakon wa 1973, usawa unaanzia kwa Ingrid Alexandra, binti wa Haakon. Hispania ndo kabisa, kwao mpaka leo mtoto wa kiume akizaliwa anampita dada yake, Leonor ni mrithi kwa sababu hana kaka wala mdogo wa kiume. Kwa hiyo msiseme Wazungu wote ni wamoja.

Haya sasa turudi nyumbani. Sisi tukifundishwa shuleni kwamba Tanganyika ilifuta machifu 1963, tukapiga makofi, hakuna tena mtoto wa mkama kutawala kwa sababu ya tumbo alilotoka. Sawa kabisa. Ila mwaka ule ule wa 1963 serikali ile ile ikatoa Tangazo la Serikali (GN) namba 436 la sheria za kimila, wanasheria wanalijua vizuri, na ndani yake warithi wamepangwa madaraja matatu, daraja la kwanza mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa, la pili watoto wa kiume wengine, la tatu mabinti, hata kama binti ndo mkubwa kuliko wote. Yaani tukamtoa mkama Ikulu yake alafu utaratibu wake wa urithi tukaugawa kila nyumba ipate wa kwake. Waswidi wamebaki na mfalme wakaenda kurekebisha kanuni, sisi tumebaki na kanuni bila mfalme! Ukiniuliza mimi nani hapo ni jamhuri sijui nitakujibu nini.

Kwetu sisi ni sita na mkubwa ni dada. Mzee alipofariki, siku ya kumaliza matanga wakanipigia simu ya video niko Göteborg kituo cha basi (naendesha basi), nimevaa sare, baridi inaniuma, wananitangaza mimi ndo musika, yaani mrithi mkuu, mkuki wa mzee kashika binamu yangu kwa niaba yangu. Mimi. Mtu ambaye migomba naiona kwenye picha za WhatsApp. Dada ndo alimuuguza mzee, ndo anapalilia, ndo anajua mgomba upi ulipandwa na bibi, ndo alipigana na ule ugonjwa wa mnyauko ulipoingia, akang'oa na kuchoma migomba kwa mikono yake. Sasa mimi kwenye hii hadithi ndo Carl Philip, tofauti ni kwamba bunge la ukoo halijakaa.

Nikasema nampa dada kibanja. Eh! Hapo ndo nikajua ukoo una ving'ora. Na aliyewaka kuliko wote sio baba mkubwa, ni shangazi, mwanamke mwenzie, anasema shamba likienda kwa binti linaolewa naye, kesho watoto wake wa ukoo mwingine wanalima juu ya makaburi yetu. Na sitaki kumcheka shangazi, hoja yake ina uzito, makaburi ya wazee yako pale pale kwenye migomba.

Ila hiyo hofu hata huku ilikuwepo, malkia akiolewa si kiti kinahamia ukoo wa mume? Walivyoitatua ndo utamu wenyewe. Victoria kaolewa 19 Juni 2010 na Daniel Westling, mwalimu wake wa mazoezi, alikuwa na jimu yake Stockholm, katokea kamji kadogo kanaitwa Ockelbo. Daniel ndo kahamia kwa mke, kapewa uprinsi, kabeba jina la ukoo wa mke, Bernadotte, na watoto wao Estelle na Oscar ni wa ukoo wa mama yao. Estelle wa 2012 ndo anafuata baada ya mama yake, na Oscar wa 2016 hawezi kumruka dada yake. Kwa hiyo shangazi, shamba halikuolewa, aliyeolewa ni Daniel.

Na msidhani huyo binti anajifanyia anavyotaka. Sheria inamtaka awe wa dhehebu la Kilutheri, na kuolewa lazima serikali ikubali, posa ya Daniel Februari 2009 ilipita baraza la mawaziri kabisa, angeolewa bila ruhusa angepoteza haki ya kiti. Washenga wa kwetu hawajafika huko. Kanisani nako kukawa na ubishi wa nchi nzima kwa sababu Waswidi bwana na bibi harusi wanaingia pamoja, yeye akataka asindikizwe na baba yake, watu wakasema huko ni kumkabidhi mwanamke kama mzigo, mwisho mzee akamfikisha nusu ya njia Daniel akampokea. Mimi pale nilikuwa upande wa Victoria, hiyo ndo sehemu tamu kuliko zote ya harusi zetu, Waswidi hawakuelewa kitu.

Kitu kingine nilichompendea, alipokuwa na miaka ishirini aliumwa ugonjwa wa kutokula, akakonda mpaka watu wakaona, na ikulu ikatoa taarifa 1997 kwamba binti anaumwa, akaenda Marekani kupumzika na kusoma Yale. Baadae kaongea mwenyewe mbele ya kamera. Kwetu mtoto wa kiongozi angeumwa hivyo tungeambiwa yuko masomoni, au tungesema karogwa.

Kuna Mswidi ninafanya naye zamu, huyo anataka ufalme ufutwe kesho, ananiambia we unasifia usawa wa kugombania kazi ambayo mtu anaipata kwa kuzaliwa, huo ni usawa gani? Yuko sahihi na sikumbishia. Ila nikamwambia kaka, wewe unazungumzia kazi moja ya nchi nzima, mimi nazungumzia mashamba ya ndizi ya mkoa mzima, na hayo mashamba hayawezi kufutwa kwa kura ya maoni, lazima mtu ayarithi, swali ni nani.

Na sio kwamba kwetu hakuna sheria nzuri. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, kesi ya kutoka kwetu kwetu Kagera, mama wa Kihaya aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia, wakamshitaki kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza, jaji akasema mila hiyo inagongana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba 1984, mama akashinda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inasema wazi mwanamke ana haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Tatizo jaji alikaa Mwanza, shangazi anakaa pale pale kijijini, na anayekuja kula na wewe Krismasi ni shangazi.

Sasa wadau, hasa mliopo Muleba, Misenyi na Bukoba Vijijini, naomba msaada wa kweli sio matusi. Mimi ndo musika kwa maneno ya ukoo wenyewe, nataka hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe jina la dada, makaburi yawekewe mpaka wake na ukoo mzima uwe na haki ya kupita. Kuna aliyeipitisha hii halmashauri ya kijiji huku ukoo unapinga? Mlianza na mwenyekiti wa kijiji au mlianza na wazee? Na je nikiwa mbali inatosha kutuma hati ya uwakilishi au lazima nije mwenyewe nikae nao chini, kwa sababu likizo naomba mapema na nauli ya Desemba mnaijua ilivyo.