Ndege Yangu na Mnazi wa Watu

Mjomba wangu anaishi Maskati, na akija Tanga haji mikono mitupu. Safari ile alishuka na halua, kanzu tatu na boksi moja refu. "Hii ndege yako," akanikabidhi. Mama watoto, aliyesikia habari akiwa jikoni, akaenda stoo kutafuta tenga la kuku.

Ilikuwa ndege ya rimoti, zile za sarakasi, zinazoruka tumbo juu na kusimama wima hewani zikining'inia kwenye propela yao wenyewe. Mabawa mita moja ncha hadi ncha, mbao ya balsa nyepesi kama kaukau, juu imevishwa plastiki nyekundu. Nasema ilikuwa ndege, lakini ndani ya boksi mlikuwa na vipande tu, na karatasi ya michoro.

Mabawa yalinichukua jioni moja. Aibu ilikuwa kwenye mkia. Unauchomeka kwenye mfereji wake, unaupima ukae sawa na mabawa, kisha unadondoshea supagluu. Sasa ile supagluu nyepesi hutiririka kama maji, na ilipomaliza kazi ya mbao ikafuata vidole vyangu. Nikauchomoa mkia haraka kabla haujashika mahali pabaya. Mahali pabaya ndipo ulipokuwa umeshika: dole gumba na kidole cha shahada.

Tukajaribu maji ya moto. Tukajaribu mafuta ya nazi. Mama watoto akaniangalia, akasema, "Dawa yake asetoni, ya kutolea rangi ya kucha. Nenda saluni."

Basi nikatoka Barabara ya 9 kwenda ya 12, mkono juu, mkia mwekundu unang'aa jua la saa kumi. Watoto hawana simile. "Ana mkia! Ana mkia!" Nilipofika saluni nilikuwa na msafara. Dada mwenye saluni hakushtuka hata kidogo; akaniuliza, "Karibu kaka, unasuka au unafumua?" Robo saa vidole vyangu vilikuwa ndani ya bakuli huku wateja wake wakishauriana kama nimelogwa. Mkia ulitoka na kipande cha ngozi. Pesa hakuchukua, alisema nimewachangamsha.

Baada ya hapo nikawa mwangalifu kupita kiasi. Mota ilipozunguka kinyume sikubabaika: nyaya ni tatu, unabadilishana mbili zozote, imekwisha. Betri niliisogeza mbele na nyuma usiku kucha mpaka ndege ikatulia juu ya vidole viwili sentimita 8 kutoka ukingo wa mbele wa bawa, kama kikaratasi kilivyoagiza. Hata saba na nusu niliikataa.

Alfajiri ya Jumamosi, kabla upepo wa bahari haujaamka, nikaenda uwanja wa mpira. Mtoto wa jirani, yuko darasa la nne, akanifuata. Nikawasha rimoti kwanza, kisha nikachomeka betri, maana huo ndio utaratibu, nikachezesha kijiti kulia na kushoto ili mtoto aone vipapatio vya mabawa vinavyoitikia.

"Ami," akasema, "ukipeleka kulia, mbona kipapatio cha kulia kinashuka?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Si upepo utalisukuma bawa hilo juu, ndege ilalie kushoto?"

Nikamwambia akae kimya, rubani anataka utulivu. Kwenye rimoti kuna swichi ndogo ya kugeuza mwelekeo, kuibonyeza ni sekunde moja. Sikuibonyeza. Na kwa kuwa nilitaka sarakasi, vipapatio nilikuwa nimeviwekea mwendo wa mwisho kabisa. Wenye akili zao huanza na mwendo mdogo.

Ikaondoka vizuri, wallahi. Ilipoacha ardhi ikalalia kushoto kidogo, maana propela inayozunguka kulia huivuta ndege kushoto. Nikapeleka kijiti kulia kuinyoosha. Ikalala zaidi. Nikaongeza kulia. Ikapinduka tumbo juu, na mimi bado naongeza kulia kama dereva wa daladala aliyekatikiwa breki. Mtoto alikuwa anapiga makofi. Alidhani ndiyo sarakasi yenyewe. Mnazi ulikuwa nyuma ya goli, mrefu, na ndege ikaingia katikati ya makuti kama iliyoalikwa.

Mkwezi alipatikana saa tatu. Akauliza mara mbili ni kitu gani, nikamjibu mara mbili ni ndege. Akapanda kwa kamba yake, na kule juu akapiga kelele, "Sheikh! Imetaga?"

"Ishushe tu!"

Nilikuwa nimesahau kuwa rimoti ilikuwa bado imewaka, na betri kule juu bado imechomekwa. Propela ilishavunjika, lakini mtoto alikuwa ameiokota rimoti na anataka kuhakikisha hoja yake. Mkwezi kanyoosha mkono, kashika bawa, mtoto kapeleka kijiti kulia. Vipapatio vikachapa, mkia ukatikisika.

"Iko hai!"

Nimeona madafu yakianguka, nimeona embe zikianguka, lakini yule bwana aliwahi chini kuliko vyote. Alitaka malipo ya kupanda na ya kushuka, nikatoa zote mbili.

Mtoto akanirudishia rimoti. "Ami, nilikuambia. Kinashuka."

Ni wiki ya tatu sasa, na hakuna mkwezi anayekubali mnazi ule. Betri ya lithiamu ikiisha kabisa haifai tena, kwa hiyo hiyo nimeshaizika moyoni. Jana nilipita kuichungulia nikakuta kunguru wawili wanapeleka vijiti kwenye bawa la kushoto. Nikamwelezea mama watoto.

"Yakianguliwa useme, Baba Zuhura," akanijibu. "Tenga bado liko stoo."