Mdakaji wa Akiba Marekani na Golikipa Wetu wa Benchi

Kwetu mchezaji wa akiba tunasema anasugua benchi, na habari zake zinaishia hapo. Huku Marekani besiboli imenionyesha kwamba tunawaonea sana magolikipa wetu namba mbili. Mfano wangu ni mdakaji wa akiba.

Mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na mipira ya kasi anayopokea kutoka kwa mrushaji wa timu yake mara nyingi hupita kilomita 150 kwa saa. Msimu una mechi 162 ndani ya miezi sita, na hakuna magoti ya kuzimaliza zote. Wa pili hupewa kama 40 hadi 60, hasa ile ya mchana inayofuata mechi ya usiku. Siku zilizobaki hakai bure. Anadaka warushaji wanaopasha misuli, anahudhuria kikao cha kuwachambua wapigaji wa timu pinzani, na lazima ajue mpira wa kila mrushaji unazama wapi na unakata upande gani.

Tazama mpira unaogonga chini mbele yake. Hatakiwi kuudaka. Anaangusha magoti yote mawili, glovu inaziba nafasi katikati ya miguu, kidevu kinashuka kifuani, mabega yanakunjwa mbele ili mpira umgonge na ufie hapo hapo. Akijaribu kuudaka, unapita chini ya glovu na mkimbiaji wa timu pinzani anasogea beisi, yaani kituo, ya mbele. Akiwa bado amechuchumaa, mkono usio na glovu unafichwa nyuma ya kifundo cha mguu, kwa sababu mpira uliochubuliwa na gongo huvunja kidole gumba. Mkimbiaji akiiba beisi ya pili, yaani akiikimbilia wakati mpira unarushwa kwa mpigaji, mdakaji ana kama sekunde mbili tu kudaka, kusimama na kurusha mita 38.8. Wengi hupoteza muda wakati wa kuutoa mpira kwenye glovu, wala si kwa udhaifu wa mkono.

Mdakaji wa akiba Erik Kratz alichaguliwa na timu ya Toronto mwaka 2002, raundi ya 29 ya zoezi la kila mwaka la kugawana wachezaji wapya. Aliingia ligi kuu mwaka 2010 akiwa na miaka 30, akachezea timu tisa, akastaafu baada ya msimu wa 2020. Hakuwahi kuwa nyota, lakini simu ziliendelea kumtafuta.

Maisha hayo ni magumu, tusidanganyane. Mchezaji anaweza kushushwa ligi ya chini mara tano katika msimu mmoja. Akiondolewa kwenye orodha ya wachezaji 40, timu ina siku saba za kumuuza, kumwachia au kumpeleka ligi ya chini, na familia inasubiri ijue itahamia mji gani. Ila kila siku yake ya ligi kuu inahesabiwa. Mwaka 2025 mshahara wa chini wa ligi kuu ulikuwa dola 760,000, unaolipwa kwa siku: siku 10 tu zilizidi dola 40,000, wakati kima cha chini cha Triple-A, ngazi iliyo chini tu ya ligi kuu, kwa mkataba wa 2023 kilikuwa dola 35,800 kwa mwaka mzima. Siku 172 ni mwaka kamili wa utumishi, na siku 43 zinafungua haki ya pensheni. Awe amecheza au amekaa benchi, siku ni siku. Chama cha wachezaji kilipigania hilo kwa migomo.

Nyumbani kila mtu anamjua Tanzania One, golikipa namba moja wa taifa. Anayempigia mashuti asubuhi nzima ni nani? Golikipa huyo namba mbili anaweza kuachiwa posho ya ushindi tu, na dirisha dogo likifunguliwa anaweza kuwa wa kwanza kukatwa. Hapo sikubaliani na wanaosema tatizo ni umaskini wa ligi zetu. Kuhesabu siku hakuhitaji mamilioni.

Dennis Kasumba wa Uganda, mdakaji aliyejulikana kwa video za mazoezi yake, alifika Marekani mwaka 2023 kuchezea Frederick Keys, timu iliyokuwa kwenye ligi ya vijana wanaotafuta kusajiliwa. Vijana wa Afrika Mashariki wanaanza kuusogelea mchezo huu, nasi tunaweza kujifunza kwenye mikataba yake. Chama cha wachezaji wa soka kinaweza kuanza na kifungu kimoja: kila siku golikipa aliyesajiliwa anapokuwa mazoezini iandikwe, ilipwe, na ichangiwe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, hata asipogusa mpira siku ya mechi.